Bahari Ina Miadi, Rukwa Haina

Leo nazungumzia bahari, na tayari namsikia mtu akiuliza: bahari inatuhusu nini sisi? Kutoka Kibaoni, huku kwetu Mpimbwe, hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 900 kwa mstari ulionyooka, na anayepita barabarani anajua kwamba barabara zetu hazina mstari ulionyooka. Maji yetu ni ya mto Kavuu, ni ya Ziwa Rukwa, na ukivuka milima kwenda magharibi ni ya Tanganyika.

Inatuhusu kwa sababu watu wetu hawakai. Kijana anakwenda chuo Dar, binti anaolewa Tanga, mfanyabiashara anapeleka mchele mpaka Mtwara. Siku ya kwanza wakifika ufukoni wanakutana na jambo ambalo hakuna aliyewaambia shuleni kwa namna ya kueleweka. Asubuhi maji yamejaa, yanapiga ukuta. Wanakwenda kula, wanarudi, maji hayapo. Mashua zimelala ubavu kwenye mchanga, watoto wanacheza mpira pale pale palipokuwa na kina cha kumzamisha mtu mzima. Jioni yamerudi kama vile hayakuondoka.

Mwenyeji hashangai. Ukimuuliza mvuvi wa Bagamoyo maji yanajaa saa ngapi leo, anaangalia juu kidogo, anahesabu kimoyomoyo, anakujibu. Akikosea amekosea nusu saa. Ukimuuliza maji yatakuwaje siku ya Idi, wiki tatu zijazo, anakujibu pia. Nataka jioni hii tuelewe anahesabu nini, kwa sababu hata aliyeko Kibaoni, ambaye hajaiona bahari, anaweza kuifanya hesabu hiyo akiwa amekaa barazani kwake.

Tuanze na mwezi. Mwezi unaivuta dunia, kama dunia inavyouvuta mwezi. Isaac Newton alilieleza hili kwa hesabu mwaka 1687, lakini watu wa bahari walikuwa wameuona uhusiano huo karne nyingi kabla yake. Mvuto wa mwezi hupungua kadiri unavyokuwa mbali nao. Kwa hiyo maji yaliyo upande wa dunia unaoutazama mwezi yanavutwa kwa nguvu zaidi kuliko dunia yenyewe, nayo yanainuka. Hapo kila mtu anaelewa. Panapowashinda wengi ni upande wa pili, upande unaoupa mwezi mgongo, kwa sababu huko nako maji yanainuka. Sababu ni ile ile. Dunia, iliyo katikati, inavutwa zaidi kuliko maji ya nyuma yake, na maji hayo yanabaki nyuma. Basi bahari inakuwa na miinuko miwili, mmoja upande wa mwezi na mwingine upande wa pili. Dunia inapojizungusha, kila pwani inapita kwenye miinuko yote miwili. Ndiyo maana pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili.

Sikusema mara mbili kwa siku, na sikusahau. Ni mara mbili kwa saa 24 na dakika 50. Wakati dunia inajizungusha, mwezi nao unasogea katika njia yake, na pwani inahitaji dakika kama 50 zaidi kuufikia tena. Kati ya kujaa na kujaa ni saa 12 na dakika 25, na kati ya kujaa na kupwa ni saa 6 na dakika 12 hivi. Dakika hizo 50 ndizo siri ya mvuvi wa Bagamoyo. Anajua jana maji yalijaa saa ngapi, anaongeza dakika kama 50, ana jibu la leo.

Na asiyejua ya jana? Huyo ana mwezi.

Katika pwani yetu, kuanzia Mombasa, Tanga, Pemba, Unguja, Dar es Salaam hadi kusini, kuna kanuni rahisi. Siku ambayo mwezi uko gizani kabisa, kabla haujaandama, na siku ya mwezi mpevu, maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni. Siku hizo hizo hupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Ukiishika hiyo kichwani, mengine ni kuongeza. Tuseme usiku wa giza ulikuwa siku 5 zilizopita. Chukua 5, zidisha kwa dakika 48 (ni zile kama 50, tumezipunguza kidogo ili hesabu iwe nyepesi), unapata dakika 240, yaani saa 4. Saa kumi jioni ongeza saa 4: maji yatajaa saa mbili usiku. Rudi nyuma saa 6 na ushei: yatakuwa yamepwa mchana, kwenye saa nane kasoro. Mwezi ukiwa mpevu unaanza kuhesabu upya kutoka saa kumi. Jipe nafasi ya nusu saa mbele au nyuma, maana nyongeza hailingani kila siku. Karibu na mwezi mpevu ni ndogo kuliko dakika 48, na karibu na nusu mwezi inapita saa nzima. Kwa mtu anayetaka kujua kama ampeleke mtoto kuogelea asubuhi au jioni, usahihi huo unatosha.

Kwa nini saa kumi, na si saa sita mchana wakati mwezi wa giza uko utosini pamoja na jua? Kwa sababu maji hayarukii juu mwezi unapopita. Yanakwenda kama wimbi refu mno, linakutana na mabara, linapinda, linarudishwa, na kila pwani linaifikia kwa wakati wake. Kwetu linafika saa nne hivi baada ya mwezi kupita utosini. Kwingine ni tofauti kabisa. Beira, huko Msumbiji, kina cha bahari ni kidogo kwa eneo pana, na maji hupanda mita 6 na zaidi. Ghuba ya Fundy nchini Kanada hufika mita 16. Bahari ya Mediterania karibu haisogei. Kwa hiyo usichukue kanuni ya saa kumi ukaenda kuitumia Cape Town.

Sasa kuna saa, na kuna kiasi. Jua nalo linavuta bahari, ingawa nguvu yake kwa kazi hii haifiki nusu ya nguvu ya mwezi. Mwezi ukiwa gizani au ukiwa mpevu, jua, dunia na mwezi vinakuwa kwenye mstari mmoja, na mivuto inajumlishwa. Maji hujaa sana na kupwa sana. Watu wa pwani wanaita bamvua. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta upande mmoja na mwezi upande mwingine, na maji yanapanda kidogo na kushuka kidogo. Hayo ni maji mafu. Katika pwani ya Tanzania, bamvua la kawaida lina tofauti ya mita 3 na zaidi kati ya kujaa na kupwa, na lile kubwa Unguja hufika mita 4. Maji mafu yanaweza yasizidi mita 1 sana. Bamvua lenyewe halifiki kilele siku ile ile ya mwezi mpevu. Huchelewa siku moja au mbili.

Hata mabamvua hayalingani. Mwezi hauzunguki dunia kwa umbali mmoja: kuna siku unakaribia hadi kilomita 357,000 hivi, na kuna siku unakwenda mbali mpaka kilomita 406,000. Nguvu yake ya kuinua bahari ukiwa karibu ni karibu nusu zaidi ya ilivyo ukiwa mbali. Ongeza hapo miezi ya Machi na Septemba, jua linapokuwa juu ya ikweta. Mwezi mpevu wa Machi ukiangukia siku za ukaribu, mwenye nyumba ya ufukoni hulala macho.

Acha nikupeleke Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, uone watu wanavyoishi kwa hesabu hii. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wanawake wa Paje, Jambiani na Bwejuu wanalima mwani baharini. Mwani unafungwa kwa taitai kwenye kamba, kamba zinavutwa kati ya vigingi vilivyopigwa kwenye mchanga, na mchanga huo uko chini ya maji muda mwingi wa siku. Shamba linalimika bamvua tu, maji yanapotoka mpaka karibu na mwamba. Siku hizo utawaona kuanzia kama saa tatu asubuhi wakishuka na magunia na kamba kichwani, kanga zimefungwa juu ya suruali, wanafuata maji yanavyoondoka. Hawayasubiri yaishe, wanatembea nayo. Wakifika shambani yako magotini, kisha kwenye kifundo cha mguu. Wanakata mwani uliokomaa, wanafunga mbegu mpya, wanang'oa majani yasiyotakiwa. Maji yanaposimama, yaani hayatoki wala hayaji, kuna utulivu kidogo. Halafu mmoja anasema yamegeuka, na hakuna anayebisha. Yakirudi magotini, kazi imekwisha. Kwenye saa saba wako ufukoni wanaanika.

Kesho watashuka kwa kuchelewa kidogo, keshokutwa zaidi, na wiki ya maji mafu hawashuki kabisa. Wanageuza mwani juani, wanapumzika, wanahudhuria misiba na harusi. Wiki yao haianzi Jumatatu. Nilipokuwa Paje nilimuuliza mama mmoja kama anatumia jedwali la maji kwenye simu. Akaniangalia kama niliyemuuliza kama anatumia ramani kwenda jikoni kwake.

Si wao peke yao. Wanaochokoa pweza kwenye miamba wanangoja bamvua. Fundi anayetaka kukalafati jahazi analipandisha ufukoni maji yakijaa sana, linabaki kavu yanapopwa, naye anakuwa na saa kadhaa za kupiga pamba na kupaka mafuta kabla halijaelea tena. Mwenye shamba la chumvi anafungulia maji ya bamvua yaingie kwenye majaruba, anaziba, analiachia jua.

Asiyejua anaadhibiwa, hata awe mkubwa kiasi gani. Aprili 1498 meli za Vasco da Gama zilikuwa zikipanda kuelekea Mombasa. Kabla ya mapambazuko, mbele ya pwani ya Tanga ya leo, meli iliyoitwa São Rafael ikapanda fungu na kukwama. Maji yakapwa, meli ikabaki kavu. Wenyeji wakaja na vyombo vyao kutazama, kimoja kimesheheni machungwa ambayo Wareno wenyewe waliandika kwamba ni mazuri kuliko ya kwao. Maji yalipojaa meli ikaelea, wakaendelea na safari. Sasa tumia kanuni yetu. Siku zile Pasaka ilikuwa ikikaribia, na Pasaka hufuata mwezi mpevu. Mwezi mpevu maana yake maji hujaa saa kumi alfajiri na hupwa saa nne asubuhi. Wamekwama alfajiri maji yakiwa juu, asubuhi wakaona mchanga, jioni yake wakaelea. Hesabu ya barazani Kibaoni inaeleza mkasa wa zaidi ya miaka 500 iliyopita, bila chombo chochote. Mwaka uliofuata, Januari 1499, wakati wa kurudi, mabaharia wengi walikuwa wamekufa, waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote, na São Rafael ikachomwa moto katika pwani hiyo hiyo.

Wataalamu wa leo hufanya yale yale anayofanya mvuvi, ila kwa undani. Wanaweka kipimo bandarini kinachorekodi urefu wa maji kila saa, mwaka hadi mwaka. Zanzibar pale bandarini kipo kimoja ambacho kimekuwa kikifanya kazi tangu miaka ya 1980. Kisha wanachambua mwendo ule wa kupanda na kushuka na kugundua kwamba ni jumla ya mawimbi mengi madogo, kila moja na muda wake: la mwezi la saa 12 na dakika 25, la jua la saa 12 kamili, la mwezi kukaribia na kwenda mbali, mpaka lile la njia ya mwezi kuyumba ambalo mzunguko wake ni miaka 18 na miezi saba hivi. Kila wimbi linajirudia bila kukosa. Ukishalijua, unaliendeleza mbele kadiri unavyotaka, unayajumlisha yote, unapata urefu wa maji ya mwaka ujao kwa dakika na sentimita.

Kabla ya kompyuta kazi hiyo ya kujumlisha ilikuwa ya kuua mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 William Thomson, mwanasayansi aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alibuni mashine ya magurudumu na kamba: kila gurudumu lilikuwa wimbi moja, kamba ikapita juu ya yote, na mwishoni kalamu ikachora mwaka mzima wa bahari. Mashine za namna hiyo ndizo zilizotumika nchini Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, chini ya mtaalamu Arthur Doodson, kukisia maji ya pwani ya Normandy, Ufaransa. Majenerali walitaka usiku wenye mbalamwezi na maji yaliyopwa mapema asubuhi, ili vizuizi vya Wajerumani vilivyofichwa majini vionekane. Siku za namna hiyo ni chache. Walishuka tarehe 6 Juni 1944, na usiku ule mwezi ulikuwa mpevu.

Bandari zetu nazo hufanya kazi kwa jedwali la mwaka mzima. Nahodha wa meli kubwa haingii kwenye mlango mwembamba wa bandari ya Dar es Salaam kwa kubahatisha.

Jedwali lina mipaka, na ni vizuri niiseme. Linajua mwezi na jua, halijui upepo. Kusi likivuma kwa nguvu, maji yanasukumwa juu ya kiwango kilichoandikwa. Kimbunga Hidaya kilipofika karibu na Mafia mapema Mei 2024, jedwali la maji lilikuwa kama kawaida. Walioonya ni Mamlaka ya Hali ya Hewa. Hizo ni taarifa mbili tofauti, na mwenye busara huziuliza zote.

Kuna jambo la mwisho kuhusu bahari, na hili ndilo linaloua. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia hugawa saa 6 za kujaa hivi: chukua bamvua la mita 3 na sentimita 60. Saa ya kwanza yanapanda sentimita 30 tu, hata huoni. Saa ya pili 60. Saa ya tatu 90, ya nne 90. Halafu 60, halafu 30. Mgeni aliyetembea kwenda kwenye fungu saa nne asubuhi anatazama maji kwa saa nzima, anaona hayana haraka, anaendelea kuokota makombe. Kati ya saa sita na saa nane yanakuja nusu ya yote. Na hayaji kutoka mbele peke yake. Yanapitia kwenye mikondo nyuma yake, kati yake na nchi kavu, mahali alipopita kwa miguu mikavu. Kijana wetu anayejua kuogelea Kavuu anaingia pale akiwa na imani, na mkondo haujali imani.

Sasa turudi nyumbani. Mtu atauliza: mwezi ukivuta bahari, mbona hauvuti Tanganyika? Unaivuta. Unaivuta hata ardhi ya Kibaoni. Huu si utani: ardhi ngumu unayoikanyaga hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, sentimita 30 hivi, na siku za mwezi mpevu hata 40. Huoni kwa sababu nyumba, mwembe, ng'ombe na wewe mwenyewe mnapanda pamoja. Bahari inaonekana kwa sababu ni pana mno, imeenea duniani kote, na maji yana pa kutoka na pa kwenda. Ziwa limefungwa. Hata yale Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini, yaliyo mapana kuliko Tanganyika, mwezi huyainua chini ya sentimita 5. Kitu hicho wimbi la mtumbwi linakifuta.

Hata hivyo mvuvi wa Karema au Ikola naye anahesabu mwezi. Anautazama kwa sababu nyingine kabisa. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Taa inawavuta samaki kukiwa na giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, na vyombo hupumzika. Mama wa Paje anaungoja mwezi mpevu aingie shambani, mvuvi wa Karema anaungoja uondoke aingie ziwani.

Tanganyika ina mwendo wake pia, lakini ni wa upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya joto ya juu kuelekea kaskazini, Kigoma na Bujumbura, na huku kusini, Kasanga na Mpulungu, maji baridi ya chini hupanda na kuleta chakula cha samaki. Upepo ukilegea, tabaka hizo huyumba huku na huku chini kwa chini, kama maji kwenye karai unalolibeba kichwani, ila hapa kwenda na kurudi kwake huchukua wiki tatu au nne. Mvuvi huona samaki wamehama, hajui karai limeinama.

Hayo ni ya wiki. Ya miaka ndiyo yanayonitia wasiwasi, na ndiyo hasa niliyokuja kuyasema.

Henry Morton Stanley alipozunguka Tanganyika mwaka 1876, mto Lukuga, mlango pekee wa maji ya ziwa hilo kutokea, ulikuwa umezibwa na tope na mafunjo. Maji yalikuwa juu. Kama miaka miwili baadaye kizibo kikavunjika, na ndani ya miaka 15 hivi ziwa likashuka kama mita 10. Wabelgiji wa Mfalme Leopold II walijenga kituo Karema mwaka 1879 karibu na maji. Maji yakawaacha, ufuko ukasogea mbali nao. Mvua za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zikalipandisha tena. Na kati ya 2020 na 2024 sote tumesikia habari za nyumba, barabara na bandari zilizoingiwa na maji Kigoma, Kalemie, Uvira na Bujumbura.

Rukwa ni gumu zaidi, kwa sababu halina mlango wa kutokea. Linapokea Kavuu, Rungwa, Momba na Songwe, halafu linaliachia jua likaushe. Mvua ikizidi jua, linapanuka. Jua likizidi mvua, linakimbia. Na kwa kuwa kina chake ni kidogo na ufuko wake ni tambarare, kupanda kidogo tu kunameza shamba zima. Wazee wanakumbuka miaka ambayo sehemu kubwa ilikuwa majani, na miaka ambayo maji yalifuata watu vijijini. Hakuna mashine ya magurudumu inayoweza kukuambia Rukwa litafika wapi mwaka 2040. Mwezi ule ule unaojua bahari ya Dar es Salaam itakuwa wapi saa kumi jioni ya siku yoyote ya mwaka huo haujui lolote kuhusu Rukwa.

Sisi hufanya kinyume. Mtu wetu akifika pwani anaogopa bahari kwa sababu ni kubwa, na akirudi huku anajenga ukingoni mwa Rukwa kwa sababu ni letu, tumelizoea. Miaka 10 ya ukame inamtosha kuamini kwamba ardhi ile ni yake.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa anayesafiri au anayempeleka mtoto pwani: usiingie majini kabla hujamuuliza mwenyeji maji yanajaa saa ngapi na mkondo uko upande gani. Ni swali la heshima, utajibiwa vizuri. La pili ni kwa serikali za vijiji vinavyopakana na Rukwa. Kabla ya kumgawia mtu kiwanja au shamba karibu na ziwa, waulizeni watu wa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa maji yaliwahi kufika wapi, waiteni wazee waoneshe kwa kidole, na pale walipoonesha wekeni mawe ya mpaka. Juu ya mawe hayo watu wajenge. Chini yake walime mpunga, na wajue kwamba iko siku watauvuna kwa mtumbwi au wasiuvune kabisa.